Simu ya Mezani au Spika ya Mkutano: Jinsi ya Kuchagua Chombo cha Mawasiliano kwa Ofisi ya Lamu

Ofisi nyingi za mji wa Lamu, ziwe za mawakala wa nyumba za wageni, za vyama vya ushirika vya wavuvi, za mashirika ya uhifadhi au za mawakili, hufanya sehemu kubwa ya kazi zake na watu walio mbali: mteja aliyeko Ulaya, bodi inayokutana Nairobi, fundi wa mitambo aliyeko Mombasa. Mwenye ofisi anapoamua kununua chombo cha kuzungumzia, kwa kawaida huuliza bei kwanza, kisha jina la kampuni iliyokitengeneza, na suala la chumba kitakamowekwa huja mwisho au halijitokezi kabisa. Mwongozo huu umepangwa kinyume cha hivyo, kwa sababu ninaamini kwamba chumba na idadi ya watu watakaozungumza ndivyo vinavyopaswa kuchagua chombo, na bei ifuate baadaye.

Hatua ya kwanza: tambua nani anazungumza, na ameketi wapi

Kwa muda wa wiki moja, andika katika daftari kila mazungumzo ya kikazi yanayofanyika ofisini: nani alizungumza, alikuwa peke yake au pamoja na wengine, na mazungumzo yalichukua muda gani. Daftari hilo litakuonyesha jambo ambalo makisio huficha. Ofisi inayodhani kwamba inahitaji chombo cha mikutano mara nyingi hugundua kwamba kazi yake hasa ni ya karani mmoja wa mapokezi anayepokea simu kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba mikutano ya watu wengi hufanyika mara moja tu kwa mwezi.

Simu ya mezani imeundwa kwa mtu mmoja ambaye mdomo wake uko sentimita chache kutoka kwenye maikrofoni ya mkono wa simu. Spika ya mkutano, yaani kile chombo cha duara au cha pembe tatu kinachowekwa katikati ya meza, imeundwa kwa watu waliokizunguka, na ndani yake huwa na maikrofoni kadhaa zinazoelekea pande mbalimbali. Tofauti hii si ya umbo pekee. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ukitoka sentimita 5 hadi sentimita 160, umbali umeongezeka maradufu mara tano, na sauti imepungua kwa takriban desibeli 30, ilhali mwangwi wa chumba umebaki kama ulivyokuwa. Ndiyo sababu kitufe cha spika kilichopo kwenye simu ya mezani hakitoshi kuigeuza simu hiyo kuwa chombo cha mkutano. Kitufe hicho kiliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi mbele ya simu huku mikono yake ikiwa na kazi nyingine. Watu wanne wakiizunguka simu hiyo, aliye karibu atasikika vizuri, na aliye pembeni atasikika kama anayezungumza kutoka ndani ya birika la maji.

Lipo pia jambo linalochanganywa sana na wauzaji. Simu nyingi za mezani huelezwa kuwa zina uwezo wa mkutano, na maelezo hayo ni ya kweli, lakini mkutano unaokusudiwa ni wa kuunganisha laini mbili au zaidi ili watu walio mahali tofauti, kila mmoja na simu yake, wazungumze pamoja. Uwezo huo haugusi hata kidogo watu watano walioketi katika chumba kimoja. Muulize muuzaji waziwazi ni mkutano wa aina gani anaouzungumzia, na usiridhike mpaka akujibu.

Hatua ya pili: sikiliza chumba kabla ya kuangalia chombo chochote

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa majengo yetu yana tabia ambazo vijitabu vya watengenezaji havikuzifikiria.

Nyumba ya zamani ya Lamu ina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, dari ya juu iliyobebwa na boriti za mikoko, na vyumba virefu vyembamba, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, na upana huo hauzidi sana mita 3. Lipu laini na ngumu hurudisha sauti badala ya kuimeza. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kwa nguvu, kisha nyamaza. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi kwisha, jua kwamba kila neno litakalosemwa humo litamfikia msikilizaji likiwa limefunikwa na mkia wa neno lililotangulia.

Wengi hufikiri kwamba tatizo hilo litaondolewa na uwezo wa kufuta mwangwi unaotajwa kwenye boksi la chombo. Sivyo. Mwangwi unaofutwa na chombo ni ule wa sauti ya mtu wa mbali inayotoka kwenye spika yako, ikaingia tena katika maikrofoni yako na kumrudia mwenyewe, akajisikia akizungumza mara mbili. Chombo kinaijua sauti hiyo kwa kuwa chenyewe ndicho kilichoitoa, na kwa hiyo kinaweza kuikata. Sauti yenu nyinyi mliomo chumbani, inayogonga ukuta na kurudi, ni jambo jingine, na vyombo vingi vya bei ya kawaida haviwezi kuishughulikia ipasavyo. Tiba yake imo chumbani: mkeka mnene au zulia sakafuni, mapazia mazito kwenye dirisha na kwenye ukuta wa mwisho, mito na magodoro ya kuegemea, rafu zilizojaa vitabu na mafaili. Ukuta wenye zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, huvunjavunja sauti kidogo na kwa hiyo ni afadhali kuliko ukuta mtupu, na chumba chenye ukuta wa aina hiyo kinastahili kupendelewa kwa mikutano. Ninasisitiza kwamba fedha zinazotumika kwa mapazia huleta nafuu kubwa kuliko kiasi hicho hicho kikitumika kupanda kutoka chombo cha wastani hadi cha ghali.

Umbo la chumba nalo lina neno lake. Katika chumba chembamba meza huwa ndefu, na spika moja iliyowekwa katikati haiwafikii walio kwenye ncha mbili. Spika ndogo za USB au Bluetooth zinafaa kwa watu wanne hadi sita walioketi karibu, na mimi singezitegemea kwa mtu aliye mbali zaidi ya mita 2 katika chumba chenye mwangwi, hata kama kijitabu kinataja umbali mkubwa zaidi. Kwa meza ndefu, tafuta spika inayoweza kuongezewa maikrofoni za pembeni, ama za waya ama zisizo na waya. Hilo ni muhimu hasa katika vikao vyenye wazee. Kwa adabu yetu, mzee aliyeketi kwenye kiti chake kando ya ukuta haambiwi asogee ili mashine imsikie; maikrofoni ndiyo inayopelekwa mbele yake.

Ofisi iliyo juu darini chini ya makuti ina hali tofauti. Makuti humeza sauti vizuri na mwangwi huwa mdogo, lakini pande ziko wazi, na upepo wa kusi au wa kaskazi ukipiga moja kwa moja kwenye maikrofoni huzalisha mngurumo unaozika maneno. Mahali kama hapo simu ya mezani yenye mkono, au hedseti, ni salama zaidi kuliko spika. Ofisi za Malindi zilizojengwa kwa matofali ya saruji, vioo na vigae vya sakafuni huwa na mwangwi sawa na wa nyumba za chokaa, na pengine mkali zaidi.

Mwisho wa hatua hii ni kelele. Pangaboi lililo juu ya meza, kiyoyozi na jenereta ni kelele za mfululizo, na vyombo vya kisasa huzipunguza vizuri kwa sababu hazibadiliki. Mlio wa punda, mlango unaofungwa kwa kishindo na injini ya boti inayopita ufukoni ni vigumu kwa chombo kuviondoa. Chumba kinachotazama ua wa ndani hushinda kinachotazama barabara ya pwani, hata kama cha pili kina mandhari ya kupendeza.

Hatua ya tatu: pima mtandao utakaobeba sauti

Simu za mezani na spika za mkutano zinazojitegemea zinazouzwa leo kwa ofisi nyingi hutumia itifaki ya SIP, yaani kanuni za pamoja za kuanzisha na kukata simu kupitia mtandao, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002. Faida ya kutumia itifaki ya pamoja ni kwamba simu ya kampuni moja na spika ya kampuni nyingine zinaweza kusajiliwa katika mfumo mmoja, hivyo hulazimiki kununua kila kitu kwa mtengenezaji mmoja.

Sauti hubanwa na kodeki, yaani programu inayoigeuza kuwa data, kabla ya kusafirishwa kwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Kodeki ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza mizigo ya vichwa vya pakiti hufikia takriban kilobiti 87 kila upande. G.729 hutumia kilobiti 8, ambazo pamoja na mizigo hiyo hufikia takriban 31, na ndiyo inayofaa pale mtandao unapokuwa mdogo. Kwa hiyo mazungumzo matano ya G.711 kwa wakati mmoja yanahitaji karibu kilobiti 435 za kupakia na kiasi hicho hicho cha kupakua. Angalia hasa kasi ya kupakia, kwa sababu ndiyo hupungua kwanza mtu anapotuma picha au video kutoka ofisini.

Hata kasi ikitosha, haina maana kama pakiti zinachelewa au kupotea. Pendekezo la G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yaende kwa raha, na upotevu wa pakiti ukifika asilimia 1 maneno huanza kukatika. Setilaiti za zamani zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 huvuka kikomo hicho kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote. Setilaiti za mzunguko wa chini hazina tatizo hilo.

Kuta zilizotajwa hapo juu huzuia pia mawimbi ya Wi-Fi. Usiiunganishe simu ya mezani kwa Wi-Fi kupitia kuta mbili za matumbawe kisha ukamlaumu mtoa huduma. Pitisha waya wa mtandao, ambao kwa kawaida hufanya kazi hadi mita 100 kutoka kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao), na uupitishe ngazini au kando ya boriti. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta wa nje au kutundika nyaya upande wa barabarani, waulize kwanza wanaosimamia uhifadhi wa mji.

Hatua ya nne: hesabu umeme

Pendelea vyombo vinavyopokea umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, kwa mfumo wa PoE. Kiwango chake cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, huruhusu hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na simu ya mezani ya kawaida hutumia wati chache tu kati ya hizo. Uzuri wake ni kwamba swichi moja ikiunganishwa na UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, simu zote hubaki hai umeme unapokatika, badala ya kutafuta UPS kwa kila meza. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina takriban wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa mzigo wa wati 60, pamoja na upotevu, usitarajie saa nzima. Kumbuka kwamba ruta nayo lazima iwe kwenye UPS hiyo, vinginevyo simu zitawaka bila kuwa na pa kupitishia sauti.

Spika ndogo yenye betri yake ina ubora wake hapa, kwani ikiunganishwa na kompyuta ya mkononi na intaneti ya simu ya mkononi, kikao huendelea hata gizani.

Hatua ya tano: linganisha vyombo vyenyewe

Sasa ndipo unapofungua katalogi. Kwa simu ya mezani, tazama mambo ambayo karani atayagusa kila siku: mkono wa simu uliotulia sikioni, vitufe vya kushikilia na kuhamisha simu vinavyoonekana bila kutafutwa kwenye menyu, tundu la hedseti, na kwa mapokezi, safu ya vitufe vyenye taa vinavyoonyesha ni nani yuko kwenye laini. Chunguza pia tundu la pili la mtandao lililo nyuma ya simu, ambalo hutumika kuunganisha kompyuta. Katika simu za bei nafuu tundu hilo lina kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, na kompyuta iliyounganishwa hapo itabanwa na kikomo hicho.

Kwa spika ya mkutano, amua kwanza kati ya aina mbili. Aina inayojitegemea ina nambari yake ya ndani na hupiga simu bila kompyuta. Ukoo wake ulijulikana sana kutokana na SoundStation ya kampuni ya Polycom iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na miguu mitatu, umbo ambalo bado linaigwa. Aina ya pili, ya USB au Bluetooth, haina nambari yoyote, bali hukopa mazungumzo yaliyomo kwenye kompyuta au simu ya mkononi. Aina ya kwanza mara nyingi hugharimu kiasi cha simu kadhaa za mezani za kawaida. Rai yangu ni kwamba ofisi yenye watu chini ya kumi, inayokutana mara chache, inatosheka na simu mbili au tatu za mezani na spika moja ndogo ya USB. Spika inayojitegemea inunuliwe pale tu chumba cha mikutano ni cha kudumu na vikao ni vya kila wiki.

Kwa aina zote mbili, ulizia kama kodeki ya G.722 inakubalika. Simu ya kawaida hupitisha sauti kuanzia hertzi 300 hadi 3,400, ilhali G.722 hupitisha kuanzia 50 hadi 7,000, na huko juu ndiko ziliko herufi kama s, f na th, zinazomsaidia msikilizaji kupambanua majina asiyoyazoea. Faida hiyo hupatikana tu ikiwa vyombo vya pande zote na mitambo iliyo kati yao vinaikubali.

Tahadhari na vyombo vilivyotumika. Baadhi vimefungwa kwa mtoa huduma wa kwanza na vitajisajili kwake kila vinapounganishwa na intaneti, na baadhi ya simu za kampuni ya Cisco zimewekewa programu inayokubali mfumo wa Cisco pekee. Simu zisizo na waya za aina ya DECT zilizoletwa kutoka Marekani hutumia masafa tofauti na yale ya megahertzi 1,880 hadi 1,900 yanayotumika kwa DECT Ulaya. Hakikisha pia kwamba aina ya chombo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Hatua ya sita: jaribu katika chumba chako, si dukani

Muombe muuzaji akuazime chombo kwa siku moja, hata kama itabidi uweke amana. Mtu mmoja aende nje ya ofisi na apokee simu akiwa na kalamu na karatasi. Kila aliyemo chumbani, akiwa kwenye kiti chake cha kawaida, asome nambari kumi za simu zilizojaa sita, saba na tisa, kisha asome majina kumi ya watu. Wa mbali aandike anachosikia bila kuuliza mara ya pili. Karatasi yake ikilinganishwa na yenu, makosa yatawaonyesha ni kiti kipi hakisikiki. Rudieni pangaboi likiwa limewashwa na dirisha likiwa wazi.

Baada ya hapo, pande zote mbili zihesabu kwa sauti kwa wakati mmoja kuanzia moja hadi ishirini. Chombo kizuri hupitisha sauti zote mbili. Kile kinachoruhusu upande mmoja tu kitakata hesabu vipande vipande, na katika kikao halisi chombo cha aina hiyo humpa nafasi mwenye sauti kubwa na kumnyima mpole.

Hatua ya saba: funga kwa usalama

Badilisha nywila ya kiwandani ya kila simu siku hiyo hiyo inapofungwa. Usiuache mfumo wa simu ukiwa wazi kwenye intaneti kupitia lango la 5060, ambalo ndilo lango la kawaida la SIP, kwa sababu wapo wanaolitafuta usiku na mchana ili wapige simu za nje kwa gharama yako. Zuia simu za kimataifa kwa kila nambari ya ndani isipokuwa zile zinazozihitaji. Kwenye ruta, zima kipengele kiitwacho SIP ALG, kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita kwenye ruta na ambacho mara nyingi husababisha simu kuunganishwa huku sauti ikisikika upande mmoja tu. Ikiwa mtarekodi mazungumzo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu: mjulisheni mnayezungumza naye kwamba anarekodiwa na kwa sababu gani, kabla ya kuanza.

Hatua ya nane: linda chombo dhidi ya chumvi

Hewa ya bahari hula viunganishi. Weka swichi na ruta ndani ya kabati lenye matundu ya hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari, na usitumie plagi za waya za bei rahisi ambazo mguso wake hugeuka kijani. Futa simu kwa kitambaa kikavu. Kitambaa chenye maji huyeyusha chumvi na kuiingiza ndani ya vitufe. Spika ya mkutano ifunikwe au irudishwe kwenye mfuko wake baada ya kikao. Kinachoharibika mapema katika simu ya mezani ni ule waya uliojikunja unaounganisha mkono na mwili wa simu, na hapa kipuri kilichoagizwa Mombasa husafiri kwa barabara hadi Mokowe kisha huvushwa kwa boti. Agiza nyaya hizo mbili za akiba, pamoja na adapta moja ya umeme, katika ankara ile ile ya kununulia simu.